Kadi ya Presha Iliyobaki Tandika

Sisi tunaoandika ni wakamwana watatu wa mama mmoja. Mmoja wetu anakaa Tandika, mmoja Mbagala Rangi Tatu, na mmoja Tegeta. Mama mkwe wetu anakaa Tandika katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Aliyeshika kalamu ni mmoja, lakini kila neno tumelisoma pamoja, na mengine tumeyafuta na kuyaandika upya, kwa sababu habari hii inatuhusu sisi wenyewe na si rahisi kuisimulia mbele za watu. Mama ametupa ruhusa. Amesema tuandike yote, ila majina yake na ya wanawe tuyaache nyumbani.

Wifi yetu anaishi Hamburg, Ujerumani, mji ulio na udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Mwaka 2023 alijifungua mtoto wa pili, akaomba mama aende akamlee mzazi na mjukuu, kama desturi yetu ilivyo. Mama alikuwa na umri wa miaka 68 na hajawahi kupanda ndege. Alifurahi kama msichana anayepelekwa mjini mara ya kwanza. Tulimshonea nguo, tukamnunulia sweta mtumba pale Tandika sokoni, tukamfungia unga wa ulezi na dagaa waliokaushwa vizuri. Safari ilikuwa ya siku 60.

Katika karatasi zilizotakiwa kwa ajili ya viza ilikuwamo bima ya safari. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hazimpi mgeni viza ya matembezi bila bima isiyopungua euro 30,000. Bima hiyo inatakiwa ilipe matibabu ya dharura na kulazwa hospitali, ilipe gharama za kumrudisha mgonjwa kwao akihitaji kurudishwa, na ikitokea kifo ilipe kuurudisha mwili. Hayo tunayajua sasa. Wakati ule tuliichukulia bima kama tulivyozichukulia picha za pasipoti, yaani kitu cha kuambatisha ili faili likamilike. Tuliulizia iliyo rahisi, tukaelekezwa kwa wakala mmoja mjini.

Wakala alikuwa kijana mpole. Alijaza fomu huku akituuliza, naye mama ameketi katikati yetu na mkoba wake mapajani. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, anakwenda wapi. Kisha akauliza, “Mama ana ugonjwa wowote wa muda mrefu? Sukari, presha, moyo?”

Mama alikuwa mwaka wa tisa katika kliniki ya presha. Kadi yake ilikuwa nyumbani kwenye droo, imejaa mihuri ya kila mwezi. Akafungua kinywa ajibu, lakini mkubwa wetu akamtangulia: “Hapana, mama yuko mzima kabisa.” Sisi wawili tukanyamaza. Tuseme ukweli, tulifurahi kwamba amejibu haraka. Bei ilikuwa imeshapanda kwa sababu ya umri. Tulikuwa tumesikia kwamba mwenye presha hutakiwa kuleta barua ya daktari na kuongezewa malipo, nasi tulikuwa na siku mbili tu kabla ya miadi ya ubalozini. Wakala akaandika, mama akatia sahihi. Tulipotoka nje tukamwambia, “Mama, huko uendako usitaje mambo ya presha. Wakijua wanaweza kukusumbua.” Akaitika kwa kichwa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyotugharimu kuliko fomu yenyewe. Mama ni mtu wa neno moja. Ukimwambia asiseme, hasemi.

Kliniki humpa dawa za mwezi mmoja mmoja. Ili apewe za miezi miwili ilitakiwa aeleze kwamba anasafiri na aombe barua, nasi hatukutaka barua yoyote yenye neno presha iwe karibu na safari ile. Kwa hiyo aliondoka na vidonge vya siku 30 kwa safari ya siku 60, amevifunga kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyemwuliza atafanyaje vikiisha. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwuliza.

Juma la nne alianza kumeza siku moja na kuruka siku moja. Baadaye akawa anavigawa nusu. Binti yake alikuwa naye nyumba moja, na kule duka la dawa liko mtaa wa pili. Lakini binti hakuambiwa kitu, kwa sababu mama aliahidi kutosema.

Asubuhi ya siku ya 41 wifi alimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Akapiga namba ya dharura ya kule, 112, na gari la wagonjwa likafika. Daktari alimwuliza maswali mawili: mama alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, na anatumia dawa gani. La kwanza lina maana kubwa, maana kwa kiharusi kinachosababishwa na damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mama alikuwa amelala usiku kucha, hivyo saa haikujulikana. Kwa swali la pili wifi alijibu kwamba mama hatumii dawa yoyote. Alikuwa anasema anachokijua.

Alitupigia simu tukiwa kwenye maandalizi ya sikukuu ya mavuno usharikani. Mdogo wetu ndiye aliyepokea. Alipoulizwa alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Wifi, mama ana presha. Ana presha miaka tisa.” Kilichosikika upande wa pili ni mtoto mchanga akilia. Wifi hakusema neno. Amekwisha kutusamehe, lakini ukimya ule tunausikia hata leo.

Kwenye karatasi ya bima kulikuwa na namba ya simu ya kupiga saa yoyote, mchana na usiku. Wifi aliipiga siku ile ile, na hilo alifanya vizuri, maana bima nyingi zinataka zijulishwe kabla ya mgonjwa kulazwa au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Anayejibu simu ile mara nyingi si kampuni iliyokuuzia bima. Ni kampuni nyingine iliyokodiwa kusimamia wagonjwa walio safarini, yenye madaktari wake. Daktari wao alizungumza na daktari wa hospitali. Halafu akamweleza wifi utaratibu: hospitali itakapothibitisha kwamba mgonjwa anaweza kusafiri, wao wataamua arudi kwa njia gani, kwa kiti cha kawaida, kwa kiti pamoja na muuguzi, au amelazwa kwenye machela, na watamrudisha Tanzania aendelee na matibabu huko.

Hapo nyumbani kwetu kukazuka mabishano. Waume zetu walisema mama abaki huko huko kwenye hospitali kubwa mpaka apone. Kumtoa Ulaya mgonjwa na kumleta Temeke waliona ni kumrudisha nyuma. Tulidhani bima italipa tu. Wifi ndiye aliyetusomea kile kipengele. Bima ya safari inatibu dharura. Dharura ikishatulia na mgonjwa akaweza kusafiri, kampuni inamrudisha kwao, na ukikataa kurudi wanaweza kusimamisha malipo tangu siku hiyo. Mazoezi ya viungo ya miezi mingi haiyalipi. Kwa hiyo neno la kurudishwa nyumbani, ambalo tulidhani ni zawadi kwa mgonjwa, ni njia ya kampuni pia ya kufunga hesabu. Hatusemi ni dhuluma. Tunasema ni vizuri mtu alijue akiwa bado nyumbani na akili yake imetulia.

Mama mwenyewe wakati huo alikuwa amerudiwa na neno moja tu. Wifi alimwekea simu sikioni, tukamsalimu mmoja mmoja, naye akajibu kila mmoja wetu, “Nyumbani.” Tukimwambia pole mama, anasema nyumbani. Tukimwuliza amekula, anasema nyumbani.

Siku chache baadaye kampuni ilitaka kumbukumbu za matibabu ya mama za miaka ya nyuma. Daktari wa hospitali alikuwa ameandika kwenye ripoti yake kwamba mgonjwa ana historia ya presha, kama mdogo wetu alivyosema, na kwenye fomu yao iliandikwa hapana. Sasa waliitaka kadi.

Usiku ule tulikutana Tandika. Kadi ilikuwa mezani, sisi tumeizunguka. Shemeji yetu mmoja, ambaye hatutamlaumu maana alikuwa anampigania mama yake, alisema tuwaandikie kwamba kadi ilipotea wakati wa mafuriko. Nani angebisha? Mafuriko Dar es Salaam yanajulikana. Mwingine akasema daktari fulani anaweza kuandika barua kwamba presha ilianza mwaka huu tu. Tukikubali, bima ingelipa. Tukikataa, huenda tukalipa sisi. Hatutaki mfikiri tulikuwa watakatifu. Tulikaa mpaka saa saba za usiku, na mmoja wetu alikuwa upande wa mafuriko karibu muda wote ule.

Kilichotuamulia hakikuwa hoja. Mkubwa wetu, yule yule aliyejibu hapana kwa wakala, aliifungua kadi akaanza kusoma mihuri kwa sauti, mwezi baada ya mwezi. Mama alikwenda kliniki ile kwa miguu, mvua na jua, miaka tisa hakukosa. Alipofika nusu alishindwa kuendelea. Akasema, “Mimi ndiye niliyemnyang'anya mama hii kadi. Siwezi kumnyang'anya mara ya pili.” Tukapiga picha kila ukurasa, tukazituma.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Bima ilikataa kulipa. Watu wa bima husema mkataba wao unasimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Mteja akificha jambo ambalo lingebadili bei au masharti, kampuni inaweza kujitoa. Tulifikiria kupeleka malalamiko, kwa maana nchini kwetu kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna msuluhishi wa migogoro ya bima anayesikiliza wateja. Lakini tungekwenda kusema nini? Sahihi ilikuwa ya mama na uongo ulikuwa wetu.

Kiwanja cha Chamazi, ambacho baba alikinunua kwa ajili ya wajukuu, kiliuzwa. Hospitali ilikubali sehemu iliyobaki ilipwe kidogo kidogo, na wifi na mumewe bado wanailipa. Baadaye tuliuliza kwa wakala mwingine, mwenye leseni, mama wa umri ule mwenye presha iliyotulia angelipa nyongeza gani kama tungesema ukweli na kuleta barua ya kliniki. Tulipotajiwa tulitazamana. Mzunguko mmoja wa mchezo wetu wa kila mwezi ungetosha na chenji ingebaki.

Kumrudisha sasa kulikuwa juu yetu. Ndege ya wagonjwa kutoka Ulaya mpaka Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu ya dola, hivyo hatukuulizia mara mbili. Machela ndani ya ndege ya abiria huwekwa juu ya viti kadhaa vilivyolazwa, na vyote vinalipiwa. Tukaambiwa tusubiri mpaka mama aweze kuketi wima kwa muda mrefu. Siku za viza zikakaribia kwisha, wifi akaenda kuomba ziongezwe kwa sababu ya ugonjwa, akaongezewa. Shirika la ndege lilitaka fomu iliyojazwa na daktari kuthibitisha kwamba mgonjwa anaweza kuruka. Mungu akatufungulia mlango: muuguzi mmoja Mtanzania anayefanya kazi mji ule ule alikuwa anakuja likizo, akakubali kubadili tarehe yake ili aketi na mama. Usharika ulichanga nauli ya kubadili tiketi. Wapo waliotoa shilingi elfu mbili, na tunawakumbuka.

Mama alishuka uwanja wa Julius Nyerere akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa lile sweta la mtumba katika joto la Dar es Salaam. Hatukuweza kuimba kama tulivyopanga.

Kisha tukagundua jambo ambalo hakuna bima ingelitatua. Nyumba ya Tandika iko ndani, na gari linaishia kwa muuza mkaa. Kutoka hapo ni uchochoro wa hatua kama mia mbili, wenye mitaro miwili ya maji machafu, na kiti cha magurudumu hakipiti. Vijana wanne wa kwaya walimweka mama kwenye kiti cha plastiki wakambeba juu juu, huku majirani wakitoka milangoni kumpa pole. Mwinjilisti wetu alikumbusha habari ya yule mgonjwa wa kupooza katika Injili ya Marko, aliyebebwa na watu wanne. Ndani choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Godoro lilikuwa chini. Hatukuwa tumeandaa kitu, maana wiki zote tulihangaika na ndege na kusahau kwamba ndege inaishia uwanjani.

Na hapo ndipo bima ya safari huishia pia, hata ile isiyo na matatizo. Mgonjwa akishafikishwa kwao, gharama zinazofuata ni za bima ya kwao au za mfukoni. Kwa upande huu tulikuwa na baraka. Mume wa mkubwa wetu ni mwajiriwa, na alikuwa amemwandikisha mama kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao humruhusu mwanachama kuwaandikisha wazazi miongoni mwa wategemezi wake. Mama akaanza mazoezi ya viungo. Muhimbili ni mbali kwa mtu asiyetembea, na teksi kila mara ilitushinda, kwa hiyo alihudhuria kwa vipindi, na siku nyingine sisi wenyewe tulimnyoosha mkono kama tulivyoelekezwa.

Tukiwa katika hali hiyo ndipo tulipoanza kujiuliza swali jingine. Wote watatu tumo katika kikundi cha kufa na kuzikana. Mnavijua vikundi hivi, kila mtaa Temeke na Kinondoni unacho. Katiba yetu ina kurasa nzima juu ya msiba: sanda, jeneza, maturubai, gari la kusafirisha mwili mpaka Moshi au Songea, nani anapika na nani anaweka daftari la rambirambi. Mtu akifa Mwanza tunajua la kufanya ndani ya saa moja. Lakini mtu akiugua Mwanza, akiwa hai na anaweza kupona akifikishwa panapofaa, katiba haina hata mstari. Tumejipanga kumrudisha marehemu. Mgonjwa tunamsubiri.

Tulipoleta jambo hili kikundini, mama mmoja mwalimu alitukumbusha ajali ya basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent huko Karatu, Mei 2017, ambamo walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka hai wakiwa wameumia vibaya. Siku chache baadaye walipelekwa Sioux City, Iowa, Marekani, kwa ndege ya shirika la Kikristo la Samaritan's Purse, wakatibiwa, na Agosti mwaka ule ule wakarudi nyumbani. Sote tulilia tulipowaona wakishuka. Lakini yule mwalimu alisema, ile ilikuwa neema iliyopitia kwa watu waliojitolea, na sisi hatuwezi kupanga safari zetu kwa kutegemea kwamba ndege ya namna ile itakuja Mbagala.

Vitu vilivyo karibu nasi vipo. AMREF, ambayo madaktari wake walianza kuruka kwa ndege ndogo Afrika Mashariki mwaka 1957, ina huduma ya ndege za wagonjwa yenye uanachama wa kulipia kila mwaka. Lakini hapo ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo sisi tuliyachanganya. Kuna kuhamishwa, ambako mgonjwa anatolewa mahali pasipo na huduma na kupelekwa hospitali ya karibu inayoweza, hata kama si kwao. Na kuna kurudishwa, ambako anarejeshwa nchini kwake. Bima moja inaweza kulipa la kwanza na isilipe la pili. Na angalieni: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi hulipa bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, na ndani yake mna matibabu ya dharura na kuhamishwa. Kwa hiyo mtalii anayeota jua Nungwi ameshaandaliwa njia ya kurudi akiugua. Binti zetu wa Temeke wanaokwenda kufanya kazi za ndani Oman wanaondoka na begi na namba ya simu ya dalali.

Juu ya hao binti tumezungumza sana, maana katika jumuiya yetu wapo watano. Mzazi huuliza mshahara ni kiasi gani. Ni wachache wanaouliza mkataba unasema nini mtoto akiugua, nani anamtibu, na nani ananunua tiketi akishindwa kazi kwa ugonjwa. Tunawasihi wenzetu wapitie ofisi za serikali za ajira, TaESA, kabla ya kukubali karatasi ya dalali wa mtaani.

Siku hizi mtu wa kikundi chetu akipata safari ya nje, iwe ni ya kutembelea Nchi Takatifu au ya kumwona mjukuu, tunakaa naye jioni moja. Tunasoma bima yake pamoja, hata ile michapo midogo ya nyuma. Tunatazama magonjwa aliyo nayo kama yameandikwa, bima inaisha siku gani, dawa zinatosha siku zote za safari na za ziada kama ndege itachelewa, na nani huku nyumbani ana nakala ya kadi ya kliniki. Tunauliza pia swali ambalo watu hulicheka: ukirudi mgonjwa, utalala chumba kipi? Wengine wanaona tunawatakia mabaya. Mzee mmoja alituambia kwamba tunaita ugonjwa kwa jina. Hatukubishana naye, tulimwomba tu atuonyeshe vidonge vyake.

Mama sasa anatembea na fimbo. Mkono wa kulia haujarudi sawasawa, anakoroga uji kwa kushoto. Maneno yamerudi mengi, ingawa yakimkimbia anakasirika na kupiga fimbo sakafuni. Hajawahi kutulaumu, na mkubwa wetu anasema angependa angelaumiwa mara moja ikaisha. Choo tumejenga cha kukaa. Kadi haikai tena kwenye droo. Iko kwenye mkoba wake, pamoja na Biblia na miwani.

Jumapili ijayo tutakaa na mwenzetu wa Mtoni, ambaye anakwenda Muscat kumwuguza mwanawe na yeye mwenyewe ana sukari. Mama ameshasema atakuja. Anasema yeye ndiye atakayeuliza swali la kwanza, na sisi tusimjibie mtu.